Rada mbili za setilaiti, dhoruba moja, michoro miwili isiyolingana: ipi niitumie?

Swali (mwanafunzi_anga)

Ndugu wanajukwaa, naandaa tasnifu kuhusu mawingu ya mvua kubwa ya kitropiki, na kwa majuma mawili sasa nimekwama mahali pamoja. Nimepata tukio ambapo setilaiti mbili zilipita juu ya dhoruba ileile zikiachana kwa dakika chache tu: CloudSat, yenye rada ya gigahezi 94, na GPM, yenye rada ya masafa mawili ya mawimbi, gigahezi 13.6 na 35.5. Nilipoweka michoro yake sambamba nilidhani nimefungua faili lisilohusika. Kwa CloudSat, kilele cha wingu kinafika kilomita 15, ilhali GPM inaanza kuona kitu kwenye kilomita 9 hivi. Chini ya kilomita 5 mambo yanageuka: GPM inaonyesha mvua kubwa hadi ardhini, lakini mwangwi wa CloudSat unafifia kisha unatoweka kabisa, utadhani huko chini ni kukavu. Nimekagua saa, latitudo na longitudo mara kadhaa na sioni kosa. Je, rada ipi ina hitilafu, na ni ipi niitumie kukadiria mvua?

Jibu la 1 (mwangwi94)

Hakuna yenye hitilafu. Kila moja imekuonyesha kile ambacho wimbi lake linaweza kukigusa na kurudi, na tofauti hiyo ndiyo hasa ingefaa kuwa sura nzima ya tasnifu yako badala ya kuwa kero.

Anza na ukubwa wa matone. Tone likiwa dogo sana kuliko urefu wa wimbi, nguvu ya mwangwi wake hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara sita. Kitone cha wingu kina kipenyo cha mikromita 10 hivi, na tone la mvua la kawaida lina milimita 1, yaani kipenyo chake ni mara 100 zaidi. Kwa hiyo tone moja la mvua hurudisha mwangwi wa vitone vya wingu trilioni moja, ingawa maji yaliyomo ndani yake yanatosha kuunda vitone milioni moja tu. Ndiyo maana rada ya mvua hulipita wingu lisilo na matone makubwa kana kwamba halipo.

Tiba ni kufupisha wimbi, kwa sababu mwangwi wa chembe ndogo huongezeka kwa kinyume cha urefu wa wimbi uliozidishwa wenyewe mara nne. Wimbi la gigahezi 13.6 lina milimita 22, na la gigahezi 94 lina milimita 3 na kidogo; uwiano huo wa karibu 7 unakupa nyongeza ya zaidi ya mara 2,000. Kwa jumla, rada ya CloudSat huhisi mwangwi dhaifu zaidi ya mara 10,000 kuliko ule ambao GPM huweza kuutambua. Zile kilomita 6 za juu ambazo GPM haikuziona ni barafu laini: ipo kweli, ila chembe zake ni ndogo mno kwa wimbi refu.

Sasa shuka chini. Wimbi fupi linalonaswa kwa urahisi na vitone vidogo hunyonywa na kutawanywa kwa urahisi uleule na matone makubwa. Katika mvua kubwa, mwale wa gigahezi 94 hupoteza nguvu kwenda na kurudi hadi usibaki mwangwi wa kupimika. Kwa hiyo pale unapoona pakavu ndipo mvua ilipokuwa nzito zaidi. Tazama mwangwi wa uso wa bahari au wa ardhi kwenye mchoro wa CloudSat: pale ambapo mstari huo mkali unakatika, mwale haukufika chini. Kwa makadirio ya mvua kubwa tumia GPM. Kwa umbo la wingu na kilele chake tumia CloudSat.

Jibu la 2 (kipimamvua)

Nakubaliana na aliyetangulia, ila nina sahihisho moja kwa muulizaji. GPM nayo haioni “hadi ardhini”. Mwangwi wa ardhi ni mkali mno, na kadiri mwale unavyoelekea pembeni ndivyo mwangwi huo unavyofunika kilomita 1 hadi 2 za mwisho. Thamani unazoziona hapo zimekadiriwa kutokana na tabaka la juu yake. Mvua ya mawingu mafupi milimani huathirika zaidi.

Mwanafunzi_anga

Ahsanteni sana. Nimerudi kwenye mchoro, na kweli mstari wa bahari umekatika palepale nilipodhani hakuna mvua. Swali la ziada: nikilinganisha mvua ya GPM na vipimamvua vya ardhini, tofauti wakati mwingine ni mara mbili. Je, hilo nalo ni la kawaida?

Jibu la 3 (kipimamvua)

Ni la kawaida, na sababu zake ni mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni eneo. Mdomo wa kipimamvua ni wa sentimita 20 hivi, na alama moja ya GPM ardhini, yaani eneo ambalo mwale wake hulipima kwa mara moja, ina kipenyo cha kilomita 5, yaani takriban kilomita 20 za mraba. Setilaiti nayo hupita kwa kasi ya kilomita 7 kwa sekunde, hivyo inachukua picha ya papo hapo, wakati kipimamvua kinajikusanyia maji saa nzima.

Ya pili imo ndani ya mwangwi wenyewe. Tone moja la milimita 2 hutoa mwangwi sawa na matone 64 ya milimita 1, lakini matone hayo 64 yana maji mara 8 ya lile moja. Mwangwi mmoja, mvua mbili tofauti kabisa. Rada ya TRMM, setilaiti iliyoitangulia GPM, iliyorushwa Novemba 1997 ikiwa ya kwanza ya mvua angani, ilikuwa na masafa mamoja, gigahezi 13.8, na ilibidi ikisie ukubwa wa matone. GPM, iliyorushwa Februari 2014, iliongezewa gigahezi 35.5 kwa sababu hiyo: matone makubwa huyajibu masafa hayo mawili kwa nguvu zisizolingana, na tofauti hiyo hudokeza ukubwa wao.

Jibu la 4 (mwangwi94)

Naongeza tahadhari ya sampuli. Betri ya CloudSat ilipata hitilafu mwaka 2011, na tangu hapo ilifanya kazi upande wenye jua pekee. Hivyo matukio yote utakayoyaoanisha na GPM yatakuwa ya mchana, na dhoruba zinazokomaa usiku hazitakuwemo. Usiandike “mawingu ya kitropiki” bila kutaja hilo, maana mtahini makini ataliona mara moja.

Rada ya CloudSat ilizimwa Desemba 2023. Kwa data mpya nenda kwa setilaiti ya EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024 na mashirika ya anga ya Ulaya na Japani. Nayo hutumia gigahezi 94, kwa hiyo itapofushwa na mvua kubwa vilevile, lakini ndiyo rada ya kwanza angani inayopima pia mwendo wa chembe kwenda juu na chini. Theluji hushuka kwa takriban mita 1 kwa sekunde, na matone ya mvua kwa mita kadhaa. Ukiona kasi inaruka ghafla kati ya tabaka moja na linalofuata chini yake, hapo ndipo barafu inapoyeyuka, na unaweza kupachora kwa mstari mmoja juu ya michoro yako yote.