Sekiro, This War of Mine au Pathologic 2: ipi ngumu kweli?

msafiri_wa_jioni
Wakuu salama? Nimemaliza Celeste, ile gemu ya kurukaruka kupanda mlima, mlima mzima, sasa nataka gemu nyingine inayokaza kweli kweli ila kuchagua ndo kumenishinda. Ninazowaza ni tatu: Sekiro, This War of Mine na Pathologic 2. Sekiro kila mtu anasema inachosha vidole, This War of Mine wanasema vidole havina kazi kubwa ila unazima kompyuta moyo mzito, na Pathologic 2 sielewi kabisa maana anayeisifia na anayeilaani ni mtu yuleyule. Kilichonikamata kwenye Celeste ni kwamba ukifa unarudi palepale, skrini ileile, papo hapo, kwa hiyo hata pawe pagumu vipi unasema haya twende tena. Nacheza jioni tu nikitoka kazini, kontrola ninayo. Nisaidieni kulinganisha, na msinimalizie stori jamani.

KisuButu
Sekiro mkuu, wala usihangaike. Ya 2019, FromSoftware walewale wa Dark Souls, lakini usidhani ni Dark Souls iliyovalishwa kijapani. Dark Souls ya 2011 bosi, yaani adui mkubwa wa sehemu, akikushinda unaweza kwenda kujipandisha levo, kubadili silaha, kutafuta ngao kubwa au kuita mtu akusaidie. Sekiro milango hiyo imefungwa, upanga ni uleule mwanzo mwisho na wa kumuita hakuna, ukikwama umekwama mpaka mkono ujifunze. Na utamu wake uko hapa: adui hummalizi kwa kumpunguza damu tu, kuna ule mstari unaoonyesha amesimama imara kiasi gani, ukikinga pigo lake kwa wakati wenyewe hasa cheche zinaruka, chuma kinalia na mstari unajaa, ukijaa unamchoma mara moja kwisha habari yake. Ukimkimbia unashuka tena. Yaani gemu inakulazimisha usogee pale ambapo mwili wote unakuambia ondoka. Bosi Genichiro juu ya ngome ya Ashina ndo mtihani wenyewe, wengi wanaachia pale, ila ukimpita unajikuta unayasikia mapigo yake kama ngoma na mkono unaitikia bila kufikiri.

NyotaYaMvua
Kaka KisuButu umeieleza vizuri na mimi Sekiro naipenda, ila ugumu wake ukiweka kontrola chini unabaki kwenye kontrola. Unalala vizuri tu. This War of Mine ni habari nyingine. Ilitoka 2014, imetengenezwa na 11 bit studios wa Poland, na wazo lake wamelitoa kwenye kuzingirwa kwa Sarajevo miaka ya 90. Wewe si askari, wewe ni raia watatu wanne kwenye nyumba iliyobomoka. Mchana hamtoki sababu ya wadunguzi, usiku mmoja anatoka kutafuta chakula, dawa, mbao, chochote.

Kuna nyumba moja ya wazee wawili, mke mgonjwa. Hawana silaha. Friji ina chakula na dawa zipo, na yule mzee anakufuata nyuma chumba hadi chumba anakuomba. Hakuna cha kukuzuia, unabonyeza kitufe kilekile ulichokuwa unabonyeza kuokota vipande vya mbao. Ndo ilivyo rahisi. Halafu unarudi nyumbani, asubuhi aliyeiba amekaa chini ana huzuni, wenzake nao wanaanza kulisemea jambo lile, na mtu akivunjika moyo kabisa hata umwambie kula hasogei. Inajisevu yenyewe kila kukicha kwa hiyo huwezi kurudi nyuma kidogo ujifanye hukuiba. Mimi kwangu huo ndo ugumu, kwa sababu Sekiro inakuuliza kama unaweza, hii inakuuliza kama utafanya.

bwana_radi
Mnazunguka tu, jibu lipo kwenye list yake mwenyewe. Pathologic 2, 2019, Ice-Pick Lodge wa Urusi. Wewe ni Artemy Burakh, mganga, unarudi mji wenu wa nyikani unakuta baba ameuawa na baada ya muda kidogo tauni inaingia. Siku 12. Saa inatembea hata ukisimama unasoma mazungumzo ya... hapana hapo inasimama, nilimaanisha ukitembea mtaani, na mji ni mkubwa na mara nyingi miguu ndo usafiri. Njaa, kiu, uchovu, kinga ya mwili, vyote vinakula. Siku za mwanzo una hela ya mkate, uvumi ukianza bei inapaa na hela ile haina maana tena, unaanza kubadilishana na watoto wa mitaani, unawapa karanga na vikorokoro wanakupa vidonge. Unachoka kuwaza mkate.

Na hapa ndo tofauti na zote mlizotaja. Ukifa, adhabu inabaki. Afya yako inapungua moja kwa moja, na hata ukifungua sevu ya zamani adhabu inakufuata hukohuko. Kusevu kwenyewe mpaka ukute saa kubwa ya ukutani. Watu unaowajua wanaweza kuugua usiku na hutawafikia wote, dawa hazitoshi, unachagua. KisuButu anasema mkono ujifunze, huku mkono ukijifunza bado mtu anakufa.

KisuButu
Sasa bwana_radi hiyo ndo inanifanya nisiipendekeze kwa mtu anayetoka Celeste. Yeye amesema wazi anachopenda ni kurudi palepale bila kupoteza kitu. Gemu inayomwongezea mzigo kila akianguka ni kinyume kabisa. Sekiro nayo inakunyang'anya, ukifa nusu ya hela na nusu ya uzoefu uliokuwa unaukusanya vinaenda, lakini ujuzi wa mkono haiugusi, na huo ndo mtaji wenyewe.

Lulu_77
Naomba kuongeza ambayo haikutajwa, That Dragon, Cancer ya 2016. Ryan na Amy Green waliitengeneza kuhusu mtoto wao Joel aliyekuwa na saratani, alifariki 2014 kabla gemu haijatoka. Ni masaa mawili hivi na haina ugumu wowote wa kuchezea. Kuna sehemu wewe ndo baba, mpo hospitali usiku, mtoto ana kiu, analia, ukimpa kinywaji hakikai, unambembeleza, unazunguka naye chumba, unabonyeza kila kinachobonyezeka na kilio hakikomi. Sisi wachezaji tumezoea kuamini kwamba kuna kitufe sahihi mahali fulani, ni kukitafuta tu. Pale hakipo, na baba anabaki kuomba.

Mkuu msafiri, hii usiicheze kama changamoto ya kumaliza. Na kama kuna mgonjwa nyumbani au msiba wa karibuni, iache kwanza, hata This War of Mine iache. Hellblade ya 2017 pia, ile ya Senua anayesikia sauti, ukiweka hedifoni sauti zinatoka nyuma ya sikio la kushoto mara kulia, ni kazi nzuri mno ila kuna watu itawaumiza.

msafiri_wa_jioni
Asanteni sana wote, dada Lulu hilo la mwisho nimelishika. Swali moja, kuna inayoruhusu kupunguza ugumu? Celeste ina ile mode ya kusaidiwa, sikuitumia ila kujua ipo ilinitoa wasiwasi.

NyotaYaMvua
Sekiro haina, unaichukua ilivyo. This War of Mine unaweza kutunga hadithi yako, ukachagua watu, urefu wa vita na ukali wa baridi. Kwa mara ya kwanza anza na kundi la Pavle, Bruno na Katia, Bruno anapika kwa kutumia vitu kidogo na Katia anajua kupatana bei, usiku mtume Pavle ana mbio.

bwana_radi
Pathologic 2 inayo, waliongeza baadaye, njaa peke yake, uchovu peke yake, vitu vingi unashusha unavyotaka. Shusha njaa kidogo tu. Adhabu ya kifo ndo roho ya gemu, bila hiyo siku ya tano hutaogopa kitu tena na tauni inakuwa mandhari.