Dainamo ya kwenye habu, kuchaji simu na begi la kushona mwenyewe, wenzangu mnafanyaje?

ringi32:
Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa baiskeli, mtu wa cherehani na mtu wa kulehemu visakiti, na kwangu hayo matatu hayajawahi kukaa mbalimbali, nikishona nawaza baiskeli, nikiendesha nawaza waya upite wapi. Nina baiskeli ya fremu ya chuma, mabomba membamba, breki za kubana ringi, tairi za 622 (kipenyo cha ringi kwa milimita), ni ya kawaida kabisa ila naipenda sana. Gurudumu la mbele nimelisuka mwenyewe nikaweka habu (kitovu cha gurudumu) yenye dainamo ndani, spoki 32, nikanyoosha mpaka likatulia, na taa ya mbele na ya nyuma zinawaka vizuri bila betri yoyote. Ile raha ya kutoka usiku ukijua taa haitakuishia chaji maadamu miguu inazunguka, aliyeionja anaielewa.

Sasa mchana ile dainamo inazunguka tu bila kazi, na hapo ndipo akili inapoanza kunisumbua. Nataka mchana inichajie simu, na pia nataka kuweka kidude kidogo cha ESP32 (kompyuta ndogo ya kwenye sakiti) kinirekodie mwendo na umbali, bila kununua kompyuta ya baiskeli iliyofungwa gundi ambayo ikifa huwezi hata kuifungua. Vyote vikae kwenye begi la pembetatu ya fremu ambalo nitalishona mwenyewe, na kishikilio cha simu nitakitoa kwenye printa ya 3D.

Ninachoshindwa kukiweka sawa ni huu umeme. Dainamo inatoa umeme wa kwenda na kurudi, simu inataka volti 5 zilizonyooka, na nimesoma kwamba ukisimama kidogo tu simu inalia "nimechomolewa", ukiondoka inalia tena "nimechomekwa", kioo kinawaka kila mara mpaka chaji uliyoingiza inaishia kwenye kioo. Mnalizuiaje hilo?

Na kuna sharti moja sitaki kuliacha. Chochote nitakachoongeza, siku kikifa, baiskeli iendelee kwenda na taa iendelee kuwaka kama vile hakikuwahi kuwepo. Sitaki kufika mahali nimesimama barabarani na laptop ndiyo inatakiwa kutengeneza baiskeli. Karibuni mawazo.

waya_mwekundu:
Mkuu hongera kwa kusuka gurudumu mwenyewe, wengi wanaishia kulipeleka kwa mtu.

Kwanza uielewe hiyo dainamo ni kitu gani maana watu wengi wanaichukulia kama betri na hapo ndipo sakiti zinaungua. Dainamo za habu karibu zote zimetengenezwa kwa kipimo cha volti 6 na wati 3, yaani nusu ampea. Hiyo nusu ampea ndiyo tabia yake, ukiongeza mwendo mkondo hauongezeki sana, kinachopanda ni volti. Ifikirie kama pampu inayosukuma maji kwa kiasi kilekile, ukiliziba bomba presha inapanda mpaka kitu kipasuke. Ndiyo maana ukiwa kwenye mteremko na hakuna kinachotumia umeme, volti zinaweza kupita 30 bila shida yoyote, na kigeuzi (kidude cha kushusha volti) cha bei poa kilichoandikwa mwisho volti 24 hakitaishi.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kutoka dainamo unaingia kwenye rektifaya ya dayodi nne (inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja), na tafadhali tumia dayodi za Schottky usitumie za kawaida. Kwenye rektifaya ya dayodi nne umeme unapita kwenye dayodi mbili kila wakati, za kawaida zinakula kama volti 0.7 kila moja, jumla 1.4, zidisha kwa nusu ampea unapoteza wati 0.7 kuwa joto tupu, karibu robo ya wati zako 3. Schottky zinapunguza hasara hiyo kama kwa nusu. Baada ya hapo kapasita kubwa ya kulainisha, mikrofaradi 1000 au 2000, ya volti 63 usishuke chini ya hapo, halafu dayodi ya Zener yenye nguvu au kilinzi kingine cha kukata volti zikizidi, halafu ndiyo kigeuzi cha kushusha mpaka volti 5. LM2576 ya kawaida inavumilia volti 40, ile yenye herufi HV inavumilia 60, chukua HV ulale usingizi.

Kuhusu simu kulia kila ukisimama, hakuna kapasita ya ukubwa wa kawaida itakayokuvusha kwenye foleni. Dawa ni kuweka betri katikati. Dainamo inachaji pawabenki, pawabenki inachaji simu, simu yenyewe haijui kama umesimama. Ila sio kila pawabenki inafaa, kuna zinazokataa kutoa umeme huku zinaingiza, na kuna ambazo umeme ukikatika zinalala mpaka ubonyeze kitufe. Ijaribu mezani kwanza, chomoa na chomeka waya wa kuingizia uone pato lake linabaki au linakufa. Angalia pia isiwe na tamaa ya kuvuta ampea 2 kwa nguvu, maana dainamo haina ampea hizo, volti zitaanguka na usipate kitu.

Halafu matarajio yawe ya kweli. Kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa utapata kama wati 2 hadi 2.5 baada ya hasara zote. Simu ya mAh 4000 ina kama watisaa 15. Gawanya mwenyewe, ni saa 6 au 7 za kuzungusha ili kujaza simu ambayo umeizima. Kwa safari ndefu inatosha vizuri, kwa kwenda kazini na kurudi hutaona tofauti kubwa.

chuma_na_grisi:
Mimi naomba nipinge kidogo, kwa upendo kabisa.

Ndugu ringi32 umesema kitu cha maana sana mwishoni, kwamba baiskeli iendelee kwenda hata vidude vikifa, basi lichukue hilo wazo ulipeleke mpaka mwisho. Umbo la baiskeli tunayopanda leo, magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, cheni inayovuta gurudumu la nyuma, ni lile la Rover ya John Kemp Starley ya mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi ya upepo. Tangu hapo vyuma vimekuwa vyepesi, gia zimeongezeka, lakini mtu wa wakati ule ukimpa baiskeli yako angepanda akaondoka. Sijui kitu kingine cha mashine ambacho kimekaa hivyo, na kimekaa hivyo kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho, cheni hiyo hapo, beringi hizo hapo, kikilia unasikia kinalilia wapi.

Sasa ukiweka rektifaya, kigeuzi, pawabenki na ESP32 umeongeza vitu vinne ambavyo vikifa havilii. Pawabenki ya mAh 10000 ina watisaa 37, uzito wake kama gramu 200, unaichaji nyumbani usiku na inajaza simu yako karibu mara mbili ukitoa hasara. Dainamo iachie taa, kazi hiyo inaiweza kuliko kitu chochote. Muda utakaotumia kulehemu, pima cheni yako kwa rula. Inchi 12 kamili kutoka pini hadi pini ndiyo cheni mpya, ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi badilisha kabla haijala meno ya gia za nyuma. Hiyo ndiyo teknolojia ninayoipenda, rula.

uzi_wa_naironi:
Nimeingia kwa ajili ya begi 🙂 maana naona wote mmekimbilia umeme.

Kaka usianze na kitambaa, anza na boksi la karatasi ngumu. Kata pembetatu ya ndani ya fremu, halafu punguza kama sentimita 1 kila upande, begi likijaa linavimba na mikanda nayo inahitaji nafasi. Weka alama mahali chupa ya maji ilipo, mahali waya wa breki unapita, na zungusha pedeli ukiwa umekaa juu ya siti uone magoti yanapita wapi. Upana usizidi sentimita 5 au 6, wengi wanafanya pana kwa tamaa ya nafasi, halafu kila mzunguko goti linasugua kitambaa na baada ya saa moja unalichukia begi zima.

Kitambaa Cordura ya 500D (namba ya unene wa uzi wake) inatosha, 1000D ni ngumu na cherehani ya nyumbani inaweza kulalamika ukifika kwenye kona ambako matabaka manne yanakutana. Sindano namba 100/16. Uzi wa poliesta au naironi, pamba hapana, pamba inanyonya maji na kuoza. Zipu ninyooshe neno hapa: iwe ya mstari ulionyooka. Naona watu wanaizungusha kwenye kona ipate mdomo mkubwa, na zipu zote nilizowahi kurekebisha zilipasukia kwenye kona hiyohiyo. Nunua namba 8 au 10, namba 5 ni ya mkoba mwepesi.

Tundu la waya liweke chini upande wa mbele, na waya uuache ushuke chini kuliko tundu kabla haujapanda kuingia, matone ya mvua yatadondokea hapo badala ya kufuata waya mpaka kwenye sakiti yako. Ndani shona mfuko mdogo wa sponji wa kushika pawabenki isirukeruke. Na begi jeusi juani linakuwa jiko, betri ya lithiamu haipendi hilo, ukipata kitambaa cha rangi ya mchanga chukua hicho.

Kishikilio cha simu usikitoe kwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa ya 3D. Inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, ukiiacha baiskeli juani utakuta simu imeinamisha kichwa. Plastiki ya PETG inafika karibu 80. Na ukilaze kwenye printa ili matabaka yasipite kwenye shingo inayobeba uzito, plastiki ya kuchapwa inakatikia kwenye tabaka siku zote.

ringi32:
Jamani asanteni, nimesoma kila mstari mara mbili.

@chuma_na_grisi nakuelewa sana na hilo la vitu visivyolia limenikaa, lakini mimi kuchaji simu siyo lengo lenyewe. Ningetaka chaji tu ningefanya ulivyosema. Ninachokipenda ni ile hali ya kujua kila wati imetoka wapi, kwamba huu muziki ninaosikiliza nimeuzungusha mwenyewe kwa miguu, na kila kipande njiani nimekilehemu au nimekishona. Nadhani baiskeli inamkubali mtu wa namna hiyo. Wale ndugu wawili, Wright, walikuwa mafundi baiskeli, na ndege yao ya 1903 ilizungusha mapanga kwa cheni na gia za meno kama za baiskeli. Kwa hiyo kuchezea baiskeli na mawazo mapya sidhani kama ni kuivunjia heshima.

Lakini sharti langu linabaki, hivyo nimeamua nitaweka swichi ya njia mbili pale kwenye usukani, upande mmoja taa, upande mwingine chaja, na chaja yote iwe inachomoka kwa plagi moja. Ikifa natupa swichi upande wa taa na mambo yanaendelea. Wati 3 hazitoshi kulisha vyote viwili usiku hata hivyo.

Sasa @waya_mwekundu nina moja limebaki. Kwa kupima mwendo nilifikiria sumaku kwenye spoki na swichi ya sumaku kwenye uma, ila nikiangalia dainamo nayo ina sumaku ndani tayari. Siwezi kuhesabu humo humo?

waya_mwekundu:
Unaweza, na ni bora zaidi ya sumaku ya spoki. Habu za Shimano zina ncha 28 za sumaku, hivyo mzunguko mmoja wa gurudumu unakupa mawimbi 14, zile za SON zenye ncha 26 zinakupa 13. Tairi yako ikiwa na mzingo wa mita 2.1, wimbi moja ni sentimita 15. Kwa kilomita 20 kwa saa unapata mawimbi kama 37 kwa sekunde, kwa hiyo hata ukitembea polepole mwendo unasomeka bila kurukaruka, wakati sumaku moja inakupa alama moja tu kila mita 2.

Ila usiuguse mguu wa ESP32 na waya wa dainamo moja kwa moja, ile inataka volti 3.3 na wewe una 30 mteremkoni. Weka optokapla ya PC817 (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana), resista mbele yake, na dayodi ndogo iliyogeuzwa sambamba na taa ya ndani ya optokapla ili nusu ya wimbi ya kurudi isiiue. Wi-Fi izime ukiwa njiani, ikiwaka inakula milliampea mia na zaidi na hiyo ni sehemu kubwa ya ulichozalisha. Rekodi kwenye kadi, ukifika ndiyo uwashe upakue.

Na mzingo usiuchukue kwenye jedwali. Weka alama ya chaki kwenye tairi, kaa juu ya baiskeli ukiwa na uzito wako wote na upepo uleule unaotumia, sukuma mizunguko kadhaa, pima, gawanya.

chuma_na_grisi:
Swichi ya njia mbili nimeikubali, hiyo imekaa kifundi. Nyongeza yangu moja: plagi ya dainamo ichomoe KABLA ya kutoa gurudumu, kila mara, na uache waya mrefu kidogo pale kwenye uma. Na zile nati za ekseli zikaze sawasawa, ekseli ya dainamo haitakiwi kuzunguka hata kidogo kwenye uma, ikizunguka inasokota waya na kuukata palepale kwenye plagi. Begi likiisha tuletee picha, hasa ya ndani.

uzi_wa_naironi:
Na picha ya mishono kwenye kona tafadhali, hapo ndipo nitaangalia kwanza.