Mdogo wangu anapigwa na mumewe Uingereza, na viza yake inamtegemea huyo huyo mume. Afanyeje?

Binti wa Gungu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandika kutoka Kigoma mjini. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya Uingereza, dhihaka wekeni pembeni.

Mdogo wangu aliolewa hapa hapa, mahari ikaletwa, harusi ikafanyika Ujiji. Shemeji alipata kazi ya kulea wazee Uingereza mwaka 2023 na mwaka huo huo akamchukua mkewe na mtoto. Wako Wolverhampton. Mdogo wangu ana viza ya mke tegemezi, na yeye pia anafanya kazi ya kulea wazee, ila mshahara wake unaingia kwenye akaunti ya mume. Anapewa nauli ya basi ya kwenda na kurudi, basi. Pasipoti zote ziko kwenye begi lenye kufuli.

Hunipigia kwenye saa nne asubuhi za huku, anapotoka shifti ya usiku. Anakuwa kituoni, anaongea haraka haraka huku magari yanapita. Juzi alinitumia picha ya mkono wake, alama za vidole vinne zinaonekana wazi. Aliniomba niifute. Sijaifuta.

Kila akisema ataondoka anajibiwa: "Mimi ndiye viza yako. Nikipiga simu moja tu unarudi kuuza dagaa Kibirizi."

Baba anasema avumilie. Mjomba anasema apande ndege na mtoto arudi kwao. Shemeji naye kakata tiketi za Desemba, waje wote likizo, na mama kashaanza kuweka akiba ya mchele. Mimi roho inakataa.

Mzee Katubuka:
Binti yangu, ndoa ina mambo yake ya ndani. Hawa mabinti wakifika Ulaya wakaambiwa kuna haki, kila kitu kinakuwa kosa. Waje hiyo Desemba, muwakalishe chini wote wawili, wazee waongee nao.

Binti wa Gungu:
Shikamoo baba. Kikao tulishafanya kwa simu, wazee wa pande zote mbili walikuwepo. Shemeji akaomba radhi vizuri kabisa. Wiki hiyo hiyo akampiga kwa kosa la kutoa siri nje.

Mnyamwezi Halisi:
Mzee wangu, kwa heshima zote. Niko Tabora, nafanya kazi ya msaada wa kisheria. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mila yoyote inayompa mwanandoa haki ya kumchapa mwenzake. Kwa hiyo hata hapa kwetu huyo bwana ana kesi. Haki haikuanzia Ulaya.

Ng'ambo ya Ziwa:
Dada usiogope. Uingereza mke anayepigwa anapewa ukaazi wa kudumu. Rafiki yangu alipewa.

Mama Leicester:
Hapo unampoteza mwenzio, mkuu. Huyo rafiki yako bila shaka mumewe alikuwa raia wa Uingereza au ana ukaazi wa kudumu. Mke wa mtu wa namna hiyo, ndoa ikivunjika kwa ukatili, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Shemeji yao huyu yuko kwa viza ya kazi. Mlango huo kwa mdogo wake haufunguki.

Upo mwingine, mdogo zaidi. Tangu Februari 2024 wenza wa watu wenye viza za kazi na za masomo wanaweza kuomba kitu kinachoitwa Migrant Victims of Domestic Abuse Concession, yaani nafuu ya muda kwa wahamiaji wanaofanyiwa ukatili nyumbani. Hakilipiwi. Ukikubaliwa unapata miezi 3, na ndani ya miezi hiyo lile sharti la kutopokea misaada ya serikali linaondolewa, ndiyo maana nyumba salama za wanawake zinaweza kukupokea na kodi ikalipwa.

Sasa tulieni hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Hiyo miezi 3 haiongezwi juu ya viza uliyonayo, inachukua nafasi yake. Kama viza ya mdogo wako ina mwaka mzima mbele, akijaza ile fomu mwaka wote umeondoka, anabaki na miezi 3, na kabla haijaisha awe ameshaomba njia nyingine au ajiandae kuondoka. Kwa mwanamke aliyetupwa nje na mtoto ni uokozi. Kwa mwenye kazi anayeweza kupanga chumba, huenda asiihitaji kabisa. Asijaze kitu kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji mwenye kibali, au wakili.

Na hiyo "simu moja" ni vitisho. Mume hafuti viza ya mtu, anayeikatisha ni Home Office, wizara yao inayosimamia uhamiaji. Ni kweli wakiachana lazima wizara hiyo iarifiwe, na mdogo wako ana wajibu huo pia. Lakini wakiamua kuikatisha, kwa kawaida humpa mtu siku 60 za kujipanga. Hakuna anayefuatwa usiku ule ule.

Mlezi wa Usiku:
Naongezea. Dada huyo ana kazi halali, hiyo ndiyo karata yake. Kuleta walezi wapya kutoka nje kulifungwa Julai 2025, lakini aliyeko ndani na ameshamfanyia kazi mwajiri kwa miezi 3 bado anaweza kudhaminiwa viza ya kazi na mwajiri huyo, mradi mwajiri ana leseni ya kudhamini. Mwisho ni Julai 2028. Akimpata, anasimama kwa viza yake. Amuulize meneja faragha, siyo wenzake, Watanzania huku tunajuana mno. Na mtu akimwambia anauza cheti cha udhamini, akimbie.

Binti wa Gungu:
Asanteni sana jamani. Na wazo la mjomba, kurudi na mtoto?

Mama Leicester:
Mjomba ana nia njema, ila kumtoa mtoto Uingereza bila ridhaa ya baba yake kunaweza kuwa kosa la jinai. Kwanza apate ushauri.

Likizo ya Desemba ndiyo inayonitisha zaidi. Nimeona wanawake wanaletwa nyumbani "kusalimia", mume anarudi peke yake na pasipoti za wote. Tangu Januari 2024 aliyetelekezwa hivyo anaweza kuomba ukaazi akiwa nje, lakini ni wale wale wa waume wenye uraia au ukaazi. Mdogo wako akiachwa Kigoma, njia hiyo hana. Asipande hiyo ndege.

Apige 0808 2000 247, namba ya msaada kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili nyumbani, ni bure, usiku na mchana, wana wakalimani. Apige kwa simu ya kazini. Southall Black Sisters, shirika la kutetea wanawake, nao wamezoea kesi za wanawake wahamiaji. Akiwa hatarini ni 999, namba ya dharura ya polisi, na kama hawezi kuongea abonyeze 55 kwenye simu ya mkononi. Asipokuwa kwenye dharura aanze na hao wa msaada kabla ya polisi, kwa sababu polisi wanaweza kupeleka taarifa zake Home Office. Ile picha usiifute, tunza na tarehe yake.

Binti wa Gungu:
Nimemsomea yote leo alipopiga. Amekubali kupiga hiyo namba akiwa kazini. Ila ameuliza, tiketi zimeshakatwa, atamwambia mume nini asishtuke?

Mlezi wa Usiku:
Aseme kazini wamemnyima likizo. Desemba kwenye nyumba za wazee nusu yetu tunanyimwa, mumewe analijua hilo.

Mama Leicester:
Na meneja aambiwe mapema, mume akipiga simu kuuliza, majibu yafanane.