Kumtoa mpangaji asiyelipa kodi Dar: wakili, baraza la kata, msaada wa bure au kampuni ya madeni?

MtotoWaTandika
Wakuu, habari za majukumu. Naomba tulinganishe njia za kupata msaada wa kisheria. Nyumba ni ya mama yangu, mjane, ipo Temeke, na kodi yake ndiyo inayomnunulia dawa. Mpangaji mmoja mkataba umekwisha, anadaiwa miezi mitano, simu hapokei. Wakili niliyemfuata anataka laki mbili kwa notisi tu, milioni moja na nusu kwa kesi nzima. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anasema nianzie baraza la kata. Kuna kituo cha msaada wa kisheria, hicho ni bure. Na kuna kampuni ya kukusanya madeni inayoahidi kumtoa ndani ya wiki. Mliopita huko, ipi inafika mwisho?

KaraniMstaafu
Pole sana, na mama mpe pole. Nimefanya kazi ofisi ya wakili kwa muda mrefu, nikueleze ninavyoona.

Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo usitafute baraza la kodi, halipo. Ugomvi wako unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Temeke lipo. Linasikiliza madai ya kurudishiwa nyumba ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 300.

Kuhusu wakili, usinunue "kesi nzima" siku ya kwanza. Mwombe bei ya kila hatua: notisi, kuandaa maombi (karatasi za kufungua kesi), kusimama barazani, kukazia hukumu (kuifanya itekelezwe). Hela yako iweke kwenye karatasi za mwanzo, maana kesi nyingi za kumtoa mpangaji nilizoziona zikianguka zilianguka hapo. Notisi haikutaja miezi inayodaiwa, au imempa mtu siku pungufu kuliko mkataba unavyosema, au mdai kwenye maombi siye mwenye nyumba. Maombi yakiandikwa sawasawa na deni halina ubishi, kusimama barazani unaweza mwenyewe. Lakini mpangaji akileta hoja kwamba alifanya matengenezo na gharama zake zikatwe kwenye kodi, au akadai nyumba ni ya urithi na mama si msimamizi wa mirathi, hapo mrudie wakili haraka.

Mkataba wenu umelipiwa ushuru wa stempu? Kama bado, nenda TRA ukalipe sasa. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kama kielelezo mpaka ushuru na faini vilipwe, na upande wa pili huwa wanausubiri mwanya huo.

MamaWaMbagala
Mimi namtetea mwenyekiti wako. Mpangaji wangu wa fremu tulimalizana baraza la kata. Aliitwa mbele ya watu wanaomfahamu, akakubali kuhama kwa tarehe na kulipa deni kidogo kidogo. Tuliandikishiana, akatoka. Wakili nisingemweza.

KaraniMstaafu
Mama, hilo ni kweli, ila asiende akitarajia hukumu. Zamani mabaraza ya kata yaliamua madai yasiyozidi milioni tatu. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu. Hata hivyo hatua hiyo si ya kuruka: baraza la wilaya litataka uthibitisho kwamba kata imeshindwa kuwapatanisha, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kuendelea mbele. Kwa hiyo MtotoWaTandika, kata na wakili usivishindanishe. Kata ni hatua, na huko wakili haruhusiwi kukusimamia kama wakili. Nenda na mama mwenyewe aeleze.

Msaidizi_wa_Kisheria
Niongezee kuhusu msaada wa bure, maana wenye nyumba wengi wanadhani ni wa wapangaji peke yao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamlenga mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Mjane anayeishi kwa kodi ya nyumba moja aende akaeleze kipato chake, asijikatae mwenyewe. Sisi wasaidizi wa kisheria tunaelimisha, tunaelekeza na tunasaidia kupatanisha, lakini kumsimamia mtu mahakamani si kazi yetu; hilo ni la wakili. Pia uliza mapema kama mpangaji wako ameshafika kituo hichohicho. Wakiwa wametangulia kumsaidia yeye, wewe utafute kwingine.

Na yeyote utakayemlipa, angalia jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kutoa hela. Mawakili vishoka wanawaumiza sana wazee wetu.

Bububu_Muscat
Niko Oman, nyumba yangu ipo Kinondoni. Kwa tulio mbali faida ya baraza la wilaya ni kwamba sheria inaruhusu kuwakilishwa na ndugu, si lazima wakili. Mdogo wangu ndiye aliyesimama. Mimi nilimlipa wakili kuandika notisi na maombi tu, na hati ya kumpa mdogo wangu mamlaka nikaithibitishia ubalozini. Kesi ilichukua muda, sitaki kukudanganya, kuna kuahirishwa na kusubiri wazee wa baraza watoe maoni yao. Lakini hukumu ilipotoka, dalali wa baraza, yule anayetekeleza amri zake, alikwenda na amri mkononi na hakuna aliyembishia.

Jirani_Mwema
Kaka, hiyo kampuni ya wiki moja achana nayo. Jirani yangu alitumia ya namna hiyo. Walikwenda asubuhi, wakatoa vyombo nje, wakabadilisha kitasa. Mpangaji alikimbilia barazani akapata zuio la muda, akarudi ndani, na juu yake akadai fidia ya vitu alivyosema vimepotea. Mwenye nyumba aliyekuwa akidai sasa akawa mjibu maombi, yaani yeye ndiye anayedaiwa. Kukata maji au umeme ni njia hiyohiyo, usikubali kushauriwa. Kumtoa mtu ni kazi ya dalali mwenye amri, na amri inatoka kwenye chombo cha sheria.

MtotoWaTandika
Nawashukuru sana, mmenitoa gizani. Nitamlipa wakili notisi na maombi peke yake, nikishamwangalia e-Wakili. Mama nitampeleka kituo cha msaada wiki hii. Kata tutaenda wote. Swali moja limebaki: jana mpangaji ametuma laki moja kwa simu. Nipokee?

KaraniMstaafu
Pokea, lakini leo hii mwandikie kwamba ni sehemu ya deni la miezi iliyopita, si kodi mpya, na taja miezi. Ukikaa kimya atadai mmeendeleza upangaji. Na notisi ikishaandikwa mpelekee mkononi, asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, mjumbe wa shina aliyekuwepo aandike jina lake, tarehe na saa kwenye nakala hiyo, nawe uitunze pamoja na mkataba.