Batiki yangu ya bluu inachuja kila nikiifua, shida iko wapi?

Neema_Iringa
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Nilijifunza batiki kwenye kikundi cha kina mama hapa mtaani, sasa nafanya mwenyewe nyumbani na nimepata oda ya sare za kwaya. Kinachonisumbua ni bluu iliyokoza. Kitambaa kikitoka kwenye ndoo kinapendeza, kikikauka kinapendeza, lakini ukikisugua na leso nyeupe leso inashika bluu, na nikikifua maji yanakuwa kama wino. Natumia bafta, kitambaa cha pamba. Rangi, kostiki soda na haidro, ule unga wa kuivishia rangi, naweka kwenye ndoo moja, maji ya uvuguvugu nisije nikayeyusha nta niliyochorea maua ili yasishike rangi. Haidro nanunua ile ya kupimiwa. Jirani kaniambia nitie chumvi na siki, mwingine anasema niongeze rangi mara mbili. Kwaya wanazitaka kabla ya Pasaka. Naombeni msaada.

Kibwana wa Mbagala
Chumvi dada. Mimi nguo yoyote ikichuja nailoweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, asubuhi imetulia.

MamaChapa_Tanga
Marahaba Neema. Hongera kwa oda.

Kaka Kibwana, chumvi ina kazi yake kwa rangi zinazoyeyuka zenyewe kwenye maji. Hii ya Neema haiyeyuki, na hapo ndipo penye jibu lote. Ukiikoroga kwenye maji matupu inaelea, kisha inatua chini kama vumbi la mkaa. Haidro inaiondolea oksijeni, kostiki inaiyeyusha, na ikiwa katika hali hiyo ndipo inapenya mpaka ndani ya uzi. Ukikitoa kitambaa, hewa inairudishia oksijeni, inakuwa tena kitu kisichoyeyuka, ila safari hii imeshanasa ndani. Maji hayaiwezi tena. Haidro ikiwa imechoka, rangi inabaki unga na unajipaka juu ya kitambaa. Kwa macho kinapendeza, ndiyo maana hukushtuka. Kuongeza rangi mara mbili ni kuongeza huo unga wa juu na kupoteza hela.

Kwa hiyo cha kwanza ninachokishuku ni hiyo haidro ya kupimiwa. Kopo la dukani linafunguliwa kutwa nzima, unyevu unaingia. Haidro ambayo bado ni nzima ni unga mweupe mkavu unaomwagika vizuri, na ukifungua kifuniko harufu yake ya kiberiti inakupanda puani. Ikiwa imeshikana mabonge na haina harufu, usiichovyee kitambaa cha mtu. Nunua kopo lililofungwa, gawaneni na wenzako wa kikundi siku hiyo hiyo, na uiweke pakavu kabisa, maana ikilowa kidogo inaweza kupata moto yenyewe.

Halafu jifunze kuitazama ndoo. Kama bluu yako ni nili, bluu iliyotokana na mmea wa mnili, maji yanatakiwa yawe ya manjano yenye ukijani, na juu povu la bluu linalong'aa. Chovya kipande cha bafta, kitoe, usiondoe macho. Kinatoka kijani cha jani bichi, kisha bluu inaanza pembezoni na kwenye mikunjo, inatambaa kuelekea katikati, na baada ya dakika chache kijani kimekwisha. Nimefundisha wasichana wengi na sijaona hata mmoja ambaye hakusimama kuangalia. Zipo bluu nyingine za dukani ambazo ndoo yake hubaki bluu. Kwa hizo chota kidogo kwenye glasi, tazama juani: maji yawe angavu. Ukiona chembe zinaelea, haijaiva. Na ipo njano ambayo ndani ya ndoo ni bluu tupu. Mtu anadhani kauziwa rangi siyo, anaimwaga, kumbe ilikuwa tayari.

Msiichukulie hii kama elimu ya kuja na makopo ya viwandani. Kaniki za bibi zetu zilitiwa nili kwa njia hii hii. Nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka India, Kutch na Bombay, lakini Unguja katika karne ya 19 wanawake, wengi wao watumwa, walichukua merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Salem kutoka Marekani, wakaitia nili wenyewe. Mtumwa alipewa kitambaa kibovu kuliko vyote, naye akakigeuza kwa mkono wake kikawa na rangi aliyoitaka. Mimi nikiinama kwenye ndoo huwa nawafikiria wale. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897 kanga zilikuwa zimeshaanza kushika soko, na wanawake wale wakazikimbilia, kwa sababu kaniki iliwatambulisha kwamba walikuwa watumwa. Mwaka huo huo kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani, na baadaye mashamba ya mnili kule India yakaporomoka.

Zamani haidro haikuwepo. Kule Kano, Nigeria, kwenye mashimo ya Kofar Mata, ambayo wenyewe wanasema yapo tangu 1498, wanachanganya nili, majivu na maji, wanaacha shimo lichachuke kwa siku kadhaa. Vijidudu ndivyo vinavyokula oksijeni, majivu yanashika nafasi ya kostiki. Wewe unapata kwa robo saa kile wanachokisubiri siku nyingi, basi usione ni muda mrefu kuisubiri ndoo hiyo robo saa.

Vipimo vyangu, kwa kijiko kimoja cha chakula cha rangi natia kimoja cha kostiki na viwili vya haidro. Nayeyushia kwenye maji machache ya moto, nafunika, nasubiri iive, ndipo namimina kwenye ndoo ya maji ya kawaida ili nta isilegee. Vaa glavu ndefu, kaa penye hewa, watoto wawe mbali. Kostiki inatiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, itakurukia usoni. Na sufuria ya alumini usiitumie kabisa, kostiki inaila.

Zaituni Kisauni
Ahsante sana mama kwa elimu hii. Mimi nataka nirudi kwenye rangi za miti. Manjano na magome ya mikoko yanafaa?

MamaChapa_Tanga
Magome ya mikoko yanatoa hudhurungi nzuri inayokaa, yana dawa ile ile wanayotengenezea ngozi za wanyama. Ila ulizia kwanza sheria, mikoko haikatwi ovyo. Manjano ya jikoni inavutia sana siku ya kwanza, jua linaifuta haraka. Hata ukitanguliza shabu ya kushikisha rangi bado itafifia, usimuuzie mtu kwa bei ya batiki.

Neema_Iringa
Mama nimekwenda kuangalia, haidro yangu ni mabonge matupu na hainuki kitu! Nimeshaagiza kopo Dar. Sasa vile vipande nilivyokwisha kuvitia rangi nivitupe? Vingine bado vina nta, vingine nimeshavichemsha nta ikatoka.

MamaChapa_Tanga
Usitupe hata kimoja mwanangu. Vyenye nta, visuuze kwa maji baridi mpaka wino upungue, kisha vichovye upya kwenye ndoo iliyoiva, robo saa, vikiwa vimezama vyote, usiache kona ikielea. Vitoe, vitandaze kivulini, vigeuze hewa ipite pande zote, usikimbilie kufua. Bluu ikishatulia ndipo uchemshe kutoa nta, na humo kwenye maji yanayochemka utie sabuni ya unga. Sabuni na moto vinaondoa unga uliobaki juu na rangi inatoka kwenye sura yake halisi.

Vilivyokwisha kutoka nta usivichovye tena, maua yako meupe yatakuwa bluu. Vichemshe na sabuni, badilisha maji, rudia mpaka maji yatoke safi. Bluu itapungua. Viweke kando, usivichanganye na sare nyingine, maana kwaya ikisimama mstari mmoja tofauti itaonekana. Hivyo vya bluu hafifu shona vitambaa vya meza au mifuko, na kwa kwaya kata bafta mpya uifanye yote ndani ya ndoo moja, siku moja.