Mkataba unaisha Desemba, usingizi umekata: naombeni ushauri wa kukabili hofu ya kesho

Mwana_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Mradi ninaofanyia kazi unafungwa 31 Desemba na hakuna anayesema kama kutakuwa na awamu nyingine. Mke ni mjamzito, anatarajia Februari. Nina nusu eka Isyonje niliyopanga kuweka viazi. Tangu mwezi wa nane nikishtuka saa tisa usiku silali tena: moyo unadunda, vidole vinachomachoma, hesabu zile zile hadi majogoo. Ajira Portal, ile tovuti ya nafasi za kazi serikalini, naifungua kutwa nzima. Pombe situmii, kahawa nakunywa sana. Naombeni hatua za kufanya, pole nimeshapewa nyingi.

Nesi_wa_Zamu
Mkuu, anza na mwili, maana ndio unaokuamsha. Ukiwaza Januari bila mshahara, ubongo unaagiza adrenalini ile ile ambayo ungeipata ukivamiwa. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, unapumua juu juu na haraka. Kupumua hivyo kunatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na ikipungua kwenye damu ndipo vidole vinachoma, midomo inakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Inatisha, lakini yenyewe haiui. Shida ni kwamba ukiitafsiri kama ugonjwa wa moyo, unaongeza adrenalini nyingine juu yake.

Fanya hivi: kaa, mkono mmoja chini ya kitovu. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6. Dakika 5, asubuhi na jioni. Wengi hukosea mambo mawili. La kwanza, wanavuta pumzi kubwa za nguvu, hewa ukaa inazidi kushuka, wanapata kizunguzungu na kusema zoezi halifai. Pumzi iwe ndogo, ya kawaida; kinachotuliza ni kutoa kwa muda mrefu. La pili, wanajaribu mara ya kwanza wakiwa tayari wamebanwa usiku. Zoezea ukiwa umetulia, usiku mwili utalijua.

Kahawa: kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, nusu yake bado iko kwenye damu saa nne usiku. Mwisho iwe saa sita mchana, na upunguze kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu. Ukikata ghafla kichwa kitakuuma, utadhani ni tatizo jipya. Chai ya rangi nayo ina kafeini, na vinywaji vya kuongeza nguvu ndio usiviguse kabisa.

Ukishtuka saa tisa, usiangalie saa wala simu. Ukiona kama dakika 20 zimepita huna usingizi, toka kitandani, jifunge blanketi (baridi ya Uyole naijua), kaa kwenye kiti na taa hafifu, soma kitu kisichokuhusu. Rudi kitandani usingizi ukija. Asubuhi amka saa ile ile hata kama ulilala masaa matatu tu, na mchana usilipize.

Halafu kapime presha, wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi iliyozidi kasi vyote vinadundisha moyo na kukeshesha, na hakuna zoezi la kupumua litakalovitibu.

Kamwene_Njombe
Kamwene mkuu. Nesi kamaliza ya mwili, mimi niongezee ya kichwa.

Wasiwasi wako uko wa aina mbili na umeuchanganya. Upo wenye kazi ndani yake: "sijui akiba itafika mwezi gani". Huo una kalamu na jibu. Upo usio na kazi: "itakuwaje mradi usiporudi, itakuwaje nikose kazi mwaka mzima". Huo hata ukiuwaza usiku kucha hauna jibu leo, na ubongo haupendi kuliacha swali wazi, kwa hiyo unalirudia.

Tafuta daftari. Kila siku saa kumi na moja jioni, dakika 20, mahali pamoja, pasiwe kitandani. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika wasiwasi wenye kazi, na mbele yake tendo moja linaloweza kuisha ndani ya saa 24: kupiga simu, kuomba barua, kuuliza bei. Kulia andika usio na kazi, uache ulivyo. Dakika zikiisha funga daftari, nenda ukapike au ukatembee. Wasiwasi ukija saa tisa usiku, andika maneno matatu kwenye kipande cha karatasi, "mradi, mtoto, kodi", jiambie utaushughulikia saa kumi na moja. Usijiambie "usiwaze". Wazo linalofukuzwa hurudi na wenzake; wazo lililopewa miadi hukubali kusubiri, si siku ya kwanza, ila baada ya wiki moja mbili hivi.

Na hiyo portal. Kila ukiifungua unapata nafuu ya dakika chache, kisha shaka inarudi na njaa zaidi. Ni sawa na kumuuliza mke kila jioni "hivi tutaweza kweli?" Akisema ndiyo, unatulia hadi vyombo vioshwe. Zoeza kichwa kukaa na kutojua kwa vitu vidogo kwanza: tuma ujumbe bila kuusoma mara ya tatu, nenda soko la Uyole bila kupiga simu kuulizia bei. Kabla hujafanya andika unachotabiri kitaharibika, baadaye andika kilichotokea.

Mtumishi_G
Hofu ni roho. Funga siku tatu uombe, hayo ya madaftari ni ya wazungu.

Nesi_wa_Zamu
Mtumishi, sala haina ugomvi na daftari, na wengi inawatuliza kweli. Kufunga ndiko nakataa kwa sasa. Mtu halali, anakunywa kahawa tumbo tupu: sukari ikishuka atatetemeka na moyo utadunda, ataona hofu imezidi.

Hesabu_za_Mtaa
Mkuu, upande wa kushoto wa daftari nakusaidia. Andika matumizi ya mwezi yasiyokwepeka tu: kodi, unga, mafuta, mkaa au gesi, LUKU, maji, nauli, kliniki. Michango ya harusi haimo. Chukua akiba, gawanya kwa jumla hiyo. Mfano: akiba 1,200,000, matumizi 300,000, una miezi minne. Hata ikitoka miezi miwili, ni heri namba mbovu kuliko giza.

Pili, ulikuwa unakatwa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii? Kuna fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa hadi miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe. Usiandike barua ya kuacha kazi eti uondoke kwa heshima kabla ya Desemba. Nenda ofisi yao mapema, omba taarifa ya michango, angalia miezi iliyoruka. Mwajiri ambaye hakupeleka michango ni rahisi kumbana mradi ukiwa bado uko wazi. Januari ofisi imefungwa, mhasibu karudi Dar, utamtafuta nani?

Tatu, kaa mbali na kausha damu. Mkopo wa riba ya kila wiki unaochukuliwa kutuliza hofu ya Januari unaifanya hofu hiyo ianze Oktoba.

BwanaShamba_Makete
Kuhusu viazi: nusu eka inataka mbegu kama kilo 400 hadi 500, ukiongeza mbolea na dawa, hela yote inalala ardhini miezi mitatu hadi minne. Ukipanda Desemba, Januari na Februari mvua na ukungu ndio pigo la baka jani, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya viazi. Utapuliza kila siku 7 hadi 10, na ukiruka mara mbili shamba linaungua. Mtoto naye anakuja Februari. Panda robo eka kwa hela ya mfukoni, iliyobaki weka maharage. Ukiwa na kidogo cha kupoteza, utalala.

Mwana_Uyole
Ndaga fijo wakuu. Maswali mawili. Jirani kanishauri ninunue Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, duka la dawa, iko vipi? Na mke nimwambie kuwa silali, au nitamtia presha?

Nesi_wa_Zamu
Valium hapana, sio bila daktari. Usiku wa kwanza utalala vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo: ikitumika mfululizo kwa wiki chache mwili unaizoea, ukiacha ghafla hofu inarudi kubwa kuliko ya mwanzo.

Jipe wiki nne za haya uliyoambiwa. Kama kazi inakushinda au hofu haipungui, anzia kituo cha afya uombe rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa kama fluoxetine, ambazo huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi. Siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi kidogo, watu wengi huziacha hapo. Ukipata maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au yanayokuja ukipanda mlima, au mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki nne, nenda siku hiyo hiyo.

Mke mwambie. Anakuona hulali, na anachokibuni mwenyewe huenda ni kibaya kuliko ukweli. Mwambie mchana, ukiwa na ile karatasi ya hesabu, mpange pamoja vitu vya kliniki. Saa tisa usiku usimwamshe kwa mazungumzo hayo.

Kamwene_Njombe
Na portal iwe mara moja kwa siku, saa moja jioni baada ya daftari. Tangazo la kazi linakuwa na tarehe ya mwisho, halifungwi baada ya masaa mawili. Zima arifa. Wiki ya kwanza vidole vitawasha kutaka kuifungua, hiyo ni dalili unafanya sawasawa.