VW Beetle ya 1967: natoa breki za drami mbele nafunga za diski, stabu ipi ndiyo yenyewe?

Kobe_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina Beetle aliyoacha marehemu mzee, kadi inasema 1967. Masika yaliyopita nilikatiza Jangwani maji yamefika nusu ya rimu. Natokea upande wa Magomeni, nakanyaga breki, gari halina habari na mimi. Nilisimama kwa gia na hendibreki, nyuma ya daladala, zimebaki kama hatua mbili. Siku ile niliapa: mbele nafunga diski.

Njia ninazo tatu. Kuna jamaa Gerezani ana stabu mbili za diski (kile kipande chenye shafti ya gurudumu) pamoja na kalipa zinazobana diski, anasema zimetoka kwenye Beetle iliyokatwa, anataka laki sita. Au niagize nje seti mpya inayofungwa kwenye stabu hizi hizi za drami, ila na usafiri naona inakaribia milioni na nusu. Au nimsikilize fundi wangu, anasema niachane na yote, yeye atachomelea kishikio abandike kalipa za Starlet. Jamaa wa Gerezani anataka jibu Jumamosi. Nawasilisha.

mzee_wa_spana
Mleta uzi, maneno mengi lakini hujasema kitu. Mbele stabu zinageukia kwenye kingpini (pini nene) au bol joint (vifundo vya mpira)? Rimu ina nati ngapi? Ukifungua boneti, tairi la spea limesimama au limelala? Bila hayo, hata ukipewa bure utakuwa umebeba chuma chakavu.

Kobe_wa_Tabata
Samahani mkuu. Nati tano. Spea imesimama pale puani. Kingpini naitambuaje?

injini_nyuma
Kwanza Beetle haina nati, ina bolti. Haya, tuendelee.

Spea kusimama ni heri. Ingelala ningesema una 1302 au 1303, zile Beetle zenye stratu (springi na shoksabu pamoja) mbele, na stabu zake haziingiliani na zako hata kwa dawa.

VW walihama kutoka kingpini kwenda bol joint kuanzia modeli ya 1966, yaani magari yaliyotoka kiwandani Agosti 1965 na kuendelea. Ingia chini na tochi. Ukiona pini nene imesimama, ina sehemu za kupigia grisi, hiyo kingpini. Ukiona vifuniko vya mpira juu na chini, bol joint. Halafu nyanyua siti ya nyuma, futa vumbi kwenye ule mgongo wa katikati, namba ya chesisi imegongwa pale. Ikianza na 117 ni modeli ya 67.

Sasa modeli hiyo ina vituko vyake. Beetle 1500 ya Ulaya ilikuja na diski mbele na bolti nne, 1300 ikabaki na drami na bolti tano. Kwa hiyo mzigo wa Gerezani ukiwa wa bolti nne, utatembea mbele nne nyuma tano. Utabeba spea mbili?

Chaser_Mbagala
Mnamtisha bure. Funga kalipa za Starlet, pedi zipo kila kona Kariakoo. Za Beetle utasubiri meli.

dada_wa_kigamboni
Kaka Chaser, mambo ya kuungaunga nimeyaishi, acha nisimulie.

Nilinunua stabu "za diski" kwa muuzaji mmoja, kwa macho zilifanana na zangu kama mapacha. Fundi akafunga. Beringi ya ndani ikawa inacheza kidogo kwenye shafti. Unadhani alizirudisha? Akachukua panchi na nyundo, akaidonoadonoa shafti kuzunguka yote ili ringi ipate kung'ang'ania. Nilikuwa nimesimama pale pale namwangalia. Akaniambia, "Dada, hapa umepona."

Wiki moja baadaye tunakwenda Bagamoyo, mimi na wanangu wawili. Tumepita Bunju, usukani unaanza kutetemeka, halafu harufu, kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Nikasimama kwa muuza madafu. Grisi ilikuwa imeyeyuka, inachuruzika kwenye rimu nyeusi tititi. Tulipokuja kufungua, beringi imegeuka bluu na shafti imeliwa kama muwa uliotafunwa. Gari lilirudi mjini juu ya kenta. Simu ya fundi haikupatikana siku tatu.

Kwa hiyo nenda Gerezani na vania kalipa, kile kipimo cha unene, si kalipa ya breki. Pima shafti sehemu mbili, inapokaa beringi ya ndani na inapokaa ya nje, halafu soma namba za beringi zenyewe. Asikwambie mtu "zinafanana".

mzee_wa_spana
Pole sana dada. Nyongeza: nati ya stabu ya kushoto inafunguka kinyume. Jamaa akikupa mbili zenye uzi wa aina moja, amekuuzia mbili za upande mmoja.

Ila mimi nauliza, diski za nini? Drami za mbele zina vinyota viwili vya kurekebishia kila gurudumu, zisetiwe kwa bisibisi, gari linasimama. Ukitoka kwenye maji kanyaga breki kidogo kidogo huku unatembea, zinakauka.

Kobe_wa_Tabata
Mzee wangu, nyuma ya ile daladala hapakuwa na nafasi ya kukausha kitu.

injini_nyuma
😂 Hapo mzee kapigwa. Kobe, usisahau masta silinda, ile pampu ya breki. Ya drami ina valvu inayobakiza presha kidogo kwenye paipu. Ukiiacha, pedi zitabana diski muda wote na rimu utaikaangia chapati. Na huyo fundi wa kuchomelea, hapana. Stabu ndiyo inayobeba gurudumu, si bampa hiyo.

Chaser_Mbagala
Starlet yangu haijawahi kunipeleka kwa muuza madafu.

dada_wa_kigamboni
Starlet yako haina historia.

Kobe_wa_Tabata
Wakuu nimetoka chini ya gari, shati limekwisha. Chesisi inaanza na 117 kweli. Lakini mbele nimeona pini nene na sehemu za kupigia grisi. Sasa?

injini_nyuma
Duh. Basi kuna mtu alishaigonga hiyo gari zamani akaibadilishia bimu nzima ya mbele (ule mhimili unaoshika magurudumu), akaweka ya modeli za kabla ya 66. Stabu za Gerezani kama ni za bol joint hazikai hapo. Weka picha.

mzee_wa_spana
Mzee wako aliwahi kupata ajali nayo?

Kobe_wa_Tabata
Hakuwahi kusema. Nitamuuliza mama. Picha kesho, tochi imekata chaji.

Ilala_Klasiki
Nimechelewa kuingia. Hizo drami ukizitoa, unauza?

Kobe_wa_Tabata
Sijatoa chochote bado mkuu. Jamaa wa Gerezani kanipigia sasa hivi, eti kuna mtu wa Morogoro anazitaka stabu kesho asubuhi. Huwa wanasema hivyo wote?

dada_wa_kigamboni
Wote. Hata mimi niliambiwa ni mtu wa Morogoro.